Wasifu wa bibi ulisomwa dakika nne tu, yaliyokatwa nayaleta hapa

Wakuu habari za muda huu.

Uzi ni mrefu, asiye na muda apite tu sitanuna. Wiki mbili zilizopita tumemzika bibi yangu mzaa baba kule Kiziba, Missenyi, mkoa wa Kagera. Kikao cha kwanza cha kamati ya mazishi nikapewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, sababu yenyewe eti "wewe ndo unaandikaandika huko mjini". Basi nikakaa nje usiku kucha kwenye kiti cha plastiki, simu naiwashia tochi kwa mkono mmoja na mwingine unaandika, nikatoa kurasa tisa za daftari. Asubuhi baba mdogo akasoma mbili akavua miwani akaniuliza, hii ni wasifu au historia ya Tanganyika? Padri ana mazishi mengine saa tisa.

Ikakatwa. Kilichosomwa pale mbele ya watu ni kwamba marehemu alizaliwa mwaka fulani, akabatizwa, akafunga ndoa, hakuwahi kuajiriwa, alikuwa mkulima, ameacha watoto watatu, wajukuu 21 na vitukuu 34, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Dakika nne, nilitazama saa.

Siwalaumu, jua lilikuwa kali na watu walikuwa hawajala. Lakini kuna maneno mawili yamenikaa kooni mpaka leo. "Hakuwahi kuajiriwa" na "watoto watatu". Ndo maana nimekuja hapa.

Nianze na umri maana ule ulikuwa msala wa peke yake. Kadi ya ubatizo inasema 1931. Kitambulisho cha NIDA kinasema 1934, tarehe mosi Julai, wale waliosajili wazee wao wanajua hiyo mosi Julai inavyopatikana. Kadi ya mpiga kura 1929. Fundi wa kaburi amesimama na mwiko, saruji inakauka, anauliza niandike ngapi, na wazee wanabishana pale pale juu ya shimo. Shangazi anataka 1929 kwa sababu inapendeza zaidi, baba mdogo anasema serikali inatambua NIDA. Ikashinda ya kanisa.

Mwenyewe ukimuuliza alikuwa anasema alizaliwa wakati wa nzige. Ukimwambia bibi nzige walikuja mara nyingi, anakujibu "wale wengi". Miaka yake haikuwa na namba, ilikuwa na matukio. Baba yangu alizaliwa mwaka Rugambwa alipopewa ukardinali, kwahiyo ni 1960, na hakukosea hata kidogo, kule kwetu habari ya Mwafrika kuwa kardinali ilipigiwa ngoma mpaka watoto wa wakati huo wana majina yake. Shangazi mkubwa ni mwaka chama cha ushirika cha kahawa kilipoanza, 1950. Baba mdogo ni "mwaka wa Uhuru, lakini kabla, mvua zikiwa bado". Nikija kuoanisha na kadi za ubatizo vinakubaliana vizuri kuliko ofisi zote.

Haya, "hakuwahi kuajiriwa".

Ambao hamjafika kwetu, kijiji cha Kihaya kiko hivi. Kuna kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, hilo ni la ukoo na kwa mila ni la mwanaume. Halafu nje kuna rweya, ile mbuga ya nyasi kati ya kijiji na kijiji, ardhi yake choka mbaya. Mwanamke alikuwa anakwenda kulima rweya, anafungua kipande kinaitwa musiri, anapanda njugu mawe na karanga na viazi, na kinachotoka humo ni chake. Bibi alikuwa anatoka na jembe kabla hakujapambazuka, mtoto mgongoni, anarudi saa nne anakuta kibanja kinamsubiri, akate nyasi za kutandaza, asombe samadi, apogoe migomba, amenye ndizi, afuate maji bondeni. Halafu kahawa. Nyie mnasikia tu Bukoba ni kahawa. Kahawa ile ya maganda inachumwa na mwanamke, inaanikwa na mwanamke, ikinyesha inaokolewa na mwanamke anakimbia na mkeka kichwani, halafu siku ya mzani anakwenda mwanaume.

Na babu, Mungu amrehemu nampenda sana, alikuwa mtu wa butura. Butura ni ule mtindo wa kuuza kahawa ingali maua mtini, tajiri anakupa hela kiduchu leo, msimu ukifika anachuma yeye. Watoto wanaumwa, rubisi, pombe yetu ya ndizi, imenoga, harusi ya rafiki, basi miti kumi imekwenda. Bibi alikuwa hagombi. Alikuwa anauza njugu mawe zake taratibu, anakwenda kwa yule tajiri kimya kimya anaikomboa ile miti, halafu anarudi anachuma kana kwamba hakuna kilichotokea. Babu alikufa 1989 na nadhani hakujua hata nusu ya miti aliyokombolewa. Sasa mtu huyo ndo ameandikwa hakuwahi kuajiriwa. Sawa.

Naendelea, nipeni dakika nibadilishe chaja.

ndizi_mbili aliandika:
Pole sana mkuu. Hapo kwenye butura umenikumbusha marehemu mama yangu, Muleba mambo yalikuwa hayo hayo. Vipi 78 alikuwa wapi? Kiziba si ndo karibu na mpaka?

Ahsante sana mkuu. Alikuwa hapo hapo. Kiziba iko upande wa huku wa mto Kagera, Amin wa Uganda aliingia upande wa ng'ambo, Mutukula kushuka mpaka Kyaka, mwisho wa Oktoba 1978. Mwanzoni mwa Novemba daraja la Kyaka likapigwa, na waliokuwa wamewahi kuvuka walikuja kuangukia kwa ndugu zao huku. Bibi alipokea familia tatu. Moja hawakuwa hata ndugu, walimfuata mbuzi wao aliyeingia kibanjani basi nao wakaingia.

Baba mdogo anasema babu alitaka wote waondoke kwenda kusini, tayari kafunga mizigo kwenye baiskeli, na bibi akamwambia wewe tangulia mimi nina watu jikoni. Hawakuondoka. Ile hotuba ya Mwalimu, sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo, watu wazima walikuwa wamezunguka redio moja chini ya mti, bibi yeye alikuwa anamenya ndizi za watu ishirini na kitu akasikia kwa mbali. Akauliza amesemaje? Wakamwambia amesema tunapigana. Akasema basi ongezeni kuni.

Vita vikaisha, Kampala ikaanguka Aprili 1979, wale wageni wakarudi kwao wakakuta kuta. Yule mama wa mbuzi alikuja msibani mwaka huu, mzee kabisa, kashikiliwa na wajukuu wawili. Hakuna aliyemtambua mpaka alipojitaja.

Hilo nalo lilikatwa.

Sasa nakuja pale nilipokuwa naogopa kuja.

Bibi alizaa watoto wanane. Mmoja alikufa akiwa mchanga. Wanne walikufa kati ya 1987 na 1996. Mnaojua Kagera mshajua nasema nini. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipatikana mkoani kwetu mwaka 1983, na kabla watu hawajalijua jina la kitaalamu waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinapita magendo mpakani miaka ile, maana ulionekana unawaanza wafanyabiashara. Bibi hakutamka jina lolote. Alisema "ule ugonjwa", mpaka kufa kwake.

Baba yangu alirudi nyumbani kutoka Mwanza 1990 kwa meli, akashuka Bukoba akiwa anatembea, akafika nyumbani anashikiliwa. Nilikuwa na miaka minne. Kumbukumbu niliyonayo ni moja tu, bibi anamwogesha nyuma ya nyumba kwenye karai, baba mtu mzima mrefu, magoti yamemfika kidevuni, na bibi anamwimbia ule wimbo wa watoto wa kuogea. Alikufa 1991. Mama alifuata 1993. Kwa baba zangu wengine ikawa hivyo hivyo, shangazi mmoja naye akarudishwa kutoka kwa mume na watoto wake watatu na godoro.

Tulipokuja kuhesabiana tulikuwa wajukuu kumi na mmoja ndani ya nyumba moja, na bibi ana miaka sitini na kitu. Tulilala chini kwenye mikeka juu ya nyasi, wote tunageuka kwa pamoja, mmoja akigeuka peke yake anaamsha ukoo mzima. Kila mtoto aliyeingia pale alipewa mashina matatu ya migomba kibanjani. Anakuonyesha kwa kidole, haya ni yako. Unayatandazia, unayamwagia samadi, unakata majani makavu, mkungu ukikomaa chakula cha siku hiyo kinaitwa cha kwako, na siku hiyo wewe ndo unapakuliwa wa kwanza. Kwa mtoto wa miaka sita aliyezikiwa baba na mama hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko nasaha yoyote. Ukiwa na migomba mitatu huwezi kujiona umekuja kula vya watu.

Ada ya shule ya msingi ilikuwepo bado enzi zile, imefutwa 2001. Alikuwa anatulipia kwa zamu. Muhula huu watano, muhula ujao sita, wewe mwalimu akikurudisha nyumbani hulii unajua zamu yako inakuja. Kulikuwa na wiki hakuna aliyekuja kununua karanga zake sokoni, watu wanaogopa mikono yake kwa sababu imeshika wagonjwa. Alirudi nazo akazikaanga zote tukala, akatuambia leo sikukuu. Tukaamini. Nimekuja kuelewa nikiwa chuo, nimekaa zangu kwenye daladala, nikashuka kituo ambacho sio changu.

Nilimwita Mama. Sio mimi tu, sisi wadogo wote wanne. Shuleni fomu ilipouliza jina la mama niliandika lake, mwalimu akakata kwa kalamu nyekundu akaandika juu yake "bibi". Na kwenye wasifu ule niko ndani ya 21.

dada_wa_Kemondo aliandika:
Mkuu hapa nimesimama kidogo. Sisi tulikuwa saba kwa bibi yetu. Sijawahi kuona mtu anaandika hiki kitu. Hiyo "watoto watatu" na kwetu waliandika hivyo hivyo, nadhani wazee wanaona aibu kuhesabu waliokufa.

Dada yangu pole sana. Nilimuuliza baba mdogo kwa nini wamefuta wale watano, akanijibu kwa upole kabisa, "wale walishasomewa wa kwao." Sikuwa na jibu. Kwa upande wake yuko sahihi, ni yeye aliyechimba makaburi yao yote, mimi nilikuwa mtoto nabeba maua.

Lakini bibi mwenyewe alikuwa anawahesabu. Ukimuuliza una watoto wangapi anakwambia wanane, anakutajia kwa mpangilio, yule mchanga anamtaja pia.

Dawa za ule ugonjwa zilipoanza kutolewa bure, 2004 huko, nesi alikuja kwenye jumuiya kuelezea, mtu anakunywa anaishi anafanya kazi. Watu wakapiga makofi. Bibi akanyoosha mkono akauliza swali moja, "zilikuwa wapi?" Yule nesi, binti mdogo tu, alinyamaza halafu akaja kukaa chini karibu naye. Mmoja wa wale watatu waliobaki yupo hai kwa sababu ya dawa hizo, na ameniruhusu niseme, kasema andika lakini usinitaje.

mzee_wa_baraza aliandika:
Kijana unaandika vizuri ila usisahau upande wa ardhi. Mjane wa Kihaya miaka hiyo na watoto kumi na mmoja, ukoo ulimwacha tu? Siamini.

Shikamoo mzee wangu, umenishika. Hawakumwacha.

Babu alipokufa, mdogo wake ambaye sitamtaja na yeye ametangulia alianza maneno kwamba kibanja ni cha ukoo, watoto wa kiume wanaisha mmoja mmoja, mwanamke atakuja kukiuza. Kwa mila zetu mwanamke alikuwa haruhusiwi kuuza ardhi ya ukoo. Sasa 1990 ikatokea ile kesi ya Holaria Pastory, mama wa huko huko Kagera aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia, akaliuza, mtu wa ukoo akamshtaki, ikapanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza na Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inakwenda kinyume na haki zilizomo kwenye Katiba. Wanasheria humu mnaifahamu, inafundishwa mpaka vyuo vya nje. Bibi hakujua Katiba inafananaje lakini habari ilimfikia kwa njia ya wanawake, sokoni na kwenye misiba, na siku alipoitwa kwenye kikao cha ukoo alisema sentensi moja tu: "mimi siuzi, lakini nimesikia nikitaka naweza." Kikao kikaahirishwa.

Baada ya hapo ikawa vita ya usiku. Kwetu mipaka ya vibanja inapandwa milamula, ile mimea yenye majani marefu, na mtu mwenye nia mbaya anaihamisha hatua moja moja, mwaka huu moja mwaka ujao moja. Asubuhi moja milamula sita imeingia kwetu kama hatua tatu. Wazee wakaitwa, shemeji anaapa haijaguswa tangu enzi za baba yake. Bibi akaomba jembe. Akachimba pale mipaka ilipokuwa zamani, mbele ya watu wote, akatoa vigae vya chungu. Akaenda wa pili, vigae. Wa tatu, vigae, vya chungu kile kile. Wiki ile ile ya matanga ya babu alikuwa amevunja chungu chake kikubwa akafukia kipande chini ya kila mlamula, sisi tukafikiri kimepasuka bahati mbaya na tukamwonea huruma.

Na ni yeye huyo huyo aliyempelekea yule shemeji uji kila siku alipougua. Nilimuuliza kwa nini. Akasema amekwisha shindwa huyo, sasa ana njaa.

Mambo madogo madogo niyamalize maana nimeanza kusinzia. Alitafuna kahawa mpaka meno yalipokwisha, baada ya hapo akawa anaimumunya tu. Simu ndogo aliyonunuliwa alikuwa anajua kubipu na kuzima, hakutaka kujifunza zaidi. Mwezi wa kumi na moja ukiona kabipu mara tatu mfululizo ujue senene wameanguka, tafuta mtu anayekuja Dar. Alisema enzi zake wanawake walikamata senene wakawapelekea waume zao na wenyewe hawakuruhusiwa kula, halafu anacheka, "nani alikuwa jikoni na senene, yeye au mimi?"

Tetemeko la Septemba 2016 lilimkuta amekaa nje anachambua maharage. Ukuta wa chumbani ulifunguka ufa unapitisha mkono. Tukampigia simu wote tunahema, akapokea akasema maharage yamemwagika.

Hakuugua sana. Siku tatu. Ya mwisho aliwataka watoto wamsogeze dirishani aone kibanja, akalalamika kwamba upande wa juu haujatandazwa nyasi. Alikuwa ameshasema miaka mingi asije akajengewa kaburi la saruji, maana pale mahali panafaa migomba. Kamati wakajenga la marumaru, jeupe, lina paa. Nilitoa mchango kama wengine na sikufungua mdomo, kwahiyo hilo sina wa kumlaumu.

ndizi_mbili aliandika:
Mkuu nina swali la kijinga. Ile migomba yako mitatu bado ipo?

Sio la kijinga. Mashina mawili yalikufa na ule mnyauko ulioingia Kagera kuanzia 2006, bibi aliyang'oa mwenyewe akayachoma, akanibipu kunijulisha. Moja lipo, karibu na choo cha zamani. Siku ya pili ya matanga wapishi walipungukiwa ndizi wakatuma vijana wakate popote, nikawaambia ngojeni. Nikakata mwenyewe. Mkungu ulikuwa wa wastani tu, umetosha sufuria moja.

Walinipakulia wa kwanza, shangazi alikumbuka.